Kiporo Apata Mdhamini

Palikuwa na nchi moja ambayo jina lake halijulikani vizuri, si kwa sababu ya siri yoyote, bali kwa kuwa lilikuwa bado kamatini, na kamati ndiyo kwanza ilikuwa imeingia mwaka wake wa kumi na sita. Ilikuwa nchi yenye utaratibu. Huko neno halikuachwa litoke mdomoni hivi hivi kama mbuzi asiye na mchungaji. Kila neno lilikuwa na faili, na ndani ya faili mlikuwa na jina la mdhamini, yaani mtu mzima mwenye anwani, aliyekubali kwa saini yake kwamba siku neno lile likimkera mkubwa yeyote, atakayekamatwa ni yeye.

Neno likishapata mdhamini liliapishwa. Jaji alivaa joho, karani akalinyanyua neno likiwa limeandikwa kwenye ubao, nalo likala kiapo kwa kinywa cha mdhamini wake kwamba litamaanisha linachomaanisha na halitamaanisha kingine. Neno lisilo na mdhamini liliitwa neno mzururaji, na polisi walikuwa na ruhusa ya kulikamata popote walipolikuta, pamoja na mdomo uliolibeba. Utaratibu huu ulileta neema nyingi. Neno "njaa", kwa mfano, lilikosa mdhamini kwa miaka tisa, na takwimu za Serikali zinaonyesha kwamba katika miaka hiyo tisa hakuna mwananchi hata mmoja aliyeshikwa nayo.

Katika Wizara ya Maneno alikuwamo mzee mmoja aitwaye Hemedi Kivugo, Mchunguzi wa Asili za Maneno. Kazi yake ilikuwa kujua neno gani lilitoka wapi na nani alilianza. Alikuwa ameifanya kwa miaka thelathini na moja, katika chumba chenye dirisha moja lililotazama ukuta, juu ya meza ambayo mguu wake mfupi ulitegemezwa na kamusi ya zamani, herufi M mpaka P. Alikuwa mtu mpole, na aliyapenda maneno kuliko wakubwa, kwa kuwa maneno hayakuwa na kawaida ya kumwamkia vizuri leo na kumhamisha kesho.

Mambo yalianza siku Mlezi wa Taifa alipokwenda Chuo Kikuu kufungua geti. Geti lilikuwa wazi tangu asubuhi, kwa hiyo ilibidi lifungwe kwanza. Baada ya kulifungua na kupigiwa makofi, Mlezi alimsogelea binti mmoja aliyekuwa mstari wa mbele, akamwuliza kwa upole wa mbele ya kamera:

"Na wewe binti yangu, uko mwaka gani?"

"Mimi kiporo, Mlezi," akajibu yule binti bila wasiwasi wowote, maana ndivyo walivyoitana pale chuoni wanafunzi wote wa mwaka wa pili, na hakujua jina jingine.

Hapa lazima ieleweke kwamba wasifu rasmi wa Mlezi, ambao husomwa mashuleni kila Ijumaa, unasema kwamba naye alisoma Chuo Kikuu hicho hicho mpaka mwaka wa pili, ambapo elimu, ilipoona haina cha kumwongezea, ilimruhusu aende akawatumikie wananchi. Sasa kama aliye mwaka wa pili ni kiporo, basi aliyeishia mwaka wa pili ni nani? Hesabu ile ilifanywa kimoyomoyo na watu elfu tatu kwa wakati mmoja, na hakuna aliyethubutu kutaja jibu.

"Kiporo," alisema Mlezi taratibu. "Wali wa jana. Nani amewaita hivyo?"

Kabla jua halijapinda, Kivugo alikuwa amesimama mbele ya Waziri wa Maneno, Mheshimiwa Daktari Daktari Lihundi. Udaktari wake ulikuwa wa mara mbili, na hakupenda mmoja usahauliwe.

"Kivugo, neno hili lina mdhamini?"

"Kiporo cha chakula kinaye, Mheshimiwa. Kiliapishwa zamani chini ya Wizara ya Kilimo. Lakini kiporo mtu..."

"Mzururaji!"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Nakupa siku kumi na nne. Nitafutie mdomo wa kwanza uliolisema. Mdomo, na mtu wake. Gerezani kuna chumba kimeshafagiliwa, kinamngoja."

Kivugo akaitika, akatoka. Hakuwa na haja ya kutafuta. Mdomo ule aliujua, na mikono iliyokwenda nao ndiyo iliyompa chakula mwaka mzima, miaka thelathini na saba iliyopita, alipokuwa kiporo yeye mwenyewe. Alikuwa Bi. Somoe, mpishi wa Chuo, na alikuwa bado yu hai, tena bado yuko dirishani na upawa wake.

* * *

Wakati huohuo Waziri aliteua Kamati ya Neno Mbadala. Maprofesa kumi na saba walipelekwa mlimani kwenye baridi, wakakaa siku tisa, wakarudi na mafua na neno moja. Neno lenyewe lilikuwa "Mwanafunzi Aliyekwishavuka Mwanzo Lakini Ambaye Mwisho Bado Unamtazamia kwa Hamu". Lilisomwa redioni, na mtangazaji akalazimika kunywa maji katikati. Wanafunzi, kwa kuwa ni watiifu, walilijaribu asubuhi nzima. Inasemekana binti mmoja alimwita mwenzake kwa neno hilo kutoka ng'ambo ya uwanja, na alipofika kwenye "Hamu" mwenzake alishakula, akaosha vyombo na kwenda zake darasani. Mchana wakarudia kiporo.

Kivugo naye alikuwa akifanya uchunguzi. Mwongozo wa Wizara unasema wazi kwamba ukweli usitafutwe mahali ulipo kabla ya kumaliza mahali usipo, na safari hii aliufuata Mwongozo kwa moyo mmoja. Alihoji wavuvi wa bwawani. Alimhoji daktari wa mifugo. Alisoma rejista za mizani ya pamba za mkoa mzima. Kila jioni aliandika "Hakuna kilichopatikana" na kumshukuru Mungu. Lakini siku hazigandi, na ya kumi na tatu ilipofika alipiga moyo konde, akaenda jikoni akiwa na tumaini moja tu, kwamba pengine Bi. Somoe naye alilisikia neno lile kwa mtu mwingine, na hasa mtu aliyekwisha kufa.

Alimkuta anapasha maharage. Alikuwa mwanamke wa miaka sabini, mfupi, mwenye sauti ya kuita watu mia tatu.

"Ala! Hemedi! Umenenepa, mwanangu, ila shingo imebaki ile ile ya njaa. Pita ndani."

"Shikamoo, Bi. Somoe."

"Marahaba. Kaa hapo kwenye gunia. Wizarani hamli?"

"Nimekuja kikazi. Hili neno kiporo, la hawa watoto wa mwaka wa pili. Ulilisikia kwa nani?"

"Kulisikia? Nimelisema mwenyewe. Sikuazima kwa mtu."

"Fikiri vizuri. Labda kuna marehemu fulani..."

"Marehemu gani tena? Mie nipo hai, unaniona." Bi. Somoe aliweka upawa chini, maana hadithi yenyewe aliipenda. "Mwaka ule sahani zilikuwa mia mbili, watoto mia tatu. Mkuu wa Chuo akatoa amri. Wa mwaka wa kwanza wale kwanza, wasije wakaandika barua kwao kwamba Chuoni kuna shida. Wa mwaka wa tatu wafuate, maana mwakani hao ndio maofisa, watakuja kutulipizia. Sasa wa mwaka wa pili, wa kumwogopa nani? Hawezi kurudi nyumbani, hajawa mkubwa. Yupo yupo tu. Basi cha jana kikibaki nakifunika, asubuhi nakipasha, napaza sauti: 'Viporo, foleni huku!' Chakula chao kiporo, na wao wenyewe viporo. Wamelala hapa, hawajaiva upya, na kuwatupa haiwezekani."

"Na nani wa kwanza kuitika?"

"Wamjua. Yule mrefu mwenye masikio, ambaye leo picha yake iko kila ukuta. Mwaka wa pili aliurudia mara tatu, nami nikampashia mara tatu. Siku ile alicheka mpaka akapaliwa. Akaniambia, 'Bi. Somoe, kiporo kikipashwa vizuri hakiwezwi na chakula cha leo.' Mtoto wa watu, alikuwa mcheshi kweli zamani."

Kivugo aligeuka kuangalia mlango. Akamweleza kila kitu kwa sauti ya chini: geti, binti, Waziri, chumba kilichofagiliwa. Maharage yakaanza kushika chini ya sufuria bila Bi. Somoe kusikia harufu.

"Nifungwe kwa ajili ya wali?"

"Kwa ajili ya neno."

"Haya. Wewe ndiye uliyesoma, Hemedi. Andika unavyojua. Mie nimeshakuachia."

Kisha akampakulia sahani, na Kivugo akala mpaka ikang'aa. Njiani kurudi aliapa moyoni kwamba mwanamke yule hatalala gerezani hata siku moja.

* * *

Ripoti aliiandika kesho yake asubuhi, na kwa mara ya kwanza kazini alitumia akili yake mwenyewe bila kuomba kibali. Alifikiri hivi: neno linalomtusi Mlezi lazima limfunge aliyelianzisha. Lakini je, kama aliyelianzisha ni Mlezi mwenyewe? Akaandika kwamba neno kiporo, kwa maana ya mwanafunzi wa mwaka wa pili, lilibuniwa na Mlezi wa Taifa katika ujana wake, kwa hekima iliyokuwa ikimtoka bila yeye kuizuia, aliposema kwamba kiporo kikipashwa vizuri hakiwezwi na chakula cha leo. Kuhusu mpishi hakuandika chochote.

Waziri Lihundi aliisoma ripoti mara mbili, mara moja kwa kila udaktari. Jasho likamtoka, likakauka, kisha uso wote ukafunguka.

"Kivugo, kumbe si tusi! Ni falsafa!"

Mlezi alipopelekewa, alifumba macho kidogo, akakumbuka. Alikumbuka siku yenyewe, na kwamba kulikuwa na manyunyu. Alikumbuka kwamba alikuwa ametunga na maneno mengine mengi siku ile, ambayo Waziri aliagizwa ayatafute.

Kiporo akaapishwa Jumamosi, mbele ya mabalozi. Halijawahi kuapishwa neno kwa mizinga ishirini na moja, lakini hili liliapishwa hivyo, na mdhamini wake alikuwa Mlezi mwenyewe. Kivugo alikaa mstari wa tano, akapiga makofi kwa furaha ya kweli. Alimwona Bi. Somoe akilini mwake amesimama dirishani, salama, akikwangua ukoko.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Kama Mlezi ni kiporo, waziri gani angekubali kubaki chakula cha leo? Daktari Daktari Lihundi alikuwa wa kwanza kurudisha shahada zake zote mbili, akaomba kwa barua ashushwe mpaka mwaka wa pili. Majenerali wakafuata. Watu wenye shahada kamili wakaanza kutazamwa kama watu wa kujivuna, na mmoja aliyekutwa na cheti cha uzamili uvunguni alijitetea kwamba ni cha jirani. Ikaanzishwa Nishani ya Kiporo, Daraja la Kwanza mpaka la Nne. Kwenye karamu za Ikulu kiliacha kupikwa chakula kipya. Kilipikwa leo, kikalindwa na askari, kikaliwa kesho.

Mwishowe ikapitishwa Sheria ya Hifadhi ya Neno. Ilisema kwamba kiporo ni hadhi, na hadhi haigawiwi ovyo. Atakayeitwa kiporo sharti awe na utumishi usiopungua miaka ishirini na barua ya mkuu wa mkoa. Wengine wote wakilitamka bila kibali ni wezi wa neno. Waliokosa sifa mapema kuliko wote walikuwa wanafunzi wa mwaka wa pili, ambao hakuna kati yao aliyefikisha hata miaka miwili kamili ya chochote.

Kivugo aliisoma sheria ile kwenye gazeti, akaikunja, akafungua faili jingine. Haikumjia akilini kwamba jikoni magazeti hayasomwi, yanawashia moto.

Jumanne iliyofuata Bi. Somoe alifunua sufuria, akachungulia nje akaona watoto wake wamesimama na sahani, akapaza sauti kama alivyopaza kwa miaka thelathini na saba:

"Viporo, foleni huku!"

Askari wawili wa Hifadhi ya Neno walikuwa hatua kumi kutoka dirishani. Walimwambia ameiba mali ya Mlezi. Naye, badala ya kulia na kuomba radhi, akawajibu kwamba mtu haibi chake, na kwamba neno lile ni lake tangu wao hawajaota meno. Walimwandikia shtaka la pili hapo hapo.

* * *

Mahakama ilijaa. Wanafunzi wa mwaka wa pili walikuja wote, wakakaa nyuma kimya. Bi. Somoe alisimama kizimbani na aproni yake, wala hakuonekana mtu mwenye hofu. Kivugo alipoitwa kama Mtaalamu wa Serikali na kuingia kwa mlango wa pembeni, mama yule alimpungia mkono kama mtu aliyeona basi lake limefika.

"Mheshimiwa Hakimu," alisema, "tusipotezeane muda. Muulizeni Hemedi. Hemedi anajua, alikuwapo. Alikula."

Hakimu alivua miwani. "Shahidi, swali ni moja. Kabla Mlezi wetu hajalibuni neno hili, je, liliwahi kutoka kinywani mwa mshtakiwa?"

Kivugo alishika ukingo wa kizimba cha mashahidi. Akisema ndiyo, ripoti yake ni uongo, na uongo ule umekwisha kupigiwa mizinga ishirini na moja. Kile chumba kilichofagiliwa kingeingia watu wawili, mama kwa tusi na yeye kwa kumzulia Mlezi. Akisema hapana, anamzika kwa mkono wake mwenyewe mtu aliyemlisha. Bi. Somoe alikuwa akimtazama kwa subira, kama anavyotazamwa mtoto anayejua jibu ila anaona haya mbele ya wageni. Kivugo alitafuta katika maneno yote aliyoyatunza miaka thelathini na moja, akaliona moja dogo, lenye mdhamini tangu uhuru, lisilowahi kumkera mkubwa yeyote.

"Sijui," akasema.

"Sauti, shahidi."

"Sijui, Mheshimiwa."

Bi. Somoe aliinamisha kichwa upande mmoja, kama hakusikia vizuri.

"Hujui, Hemedi?"

Hakimu akaandika kwamba mtaalamu wa Serikali hana ushahidi wa kumnusuru mshtakiwa, akampa miezi sita ya Mafunzo ya Kauli Njema katika gereza la wilaya. Alipopitishwa kwenda nje mama yule hakumtukana Kivugo wala hakumlaani, na hilo ndilo lililomwuma zaidi. Aibu ilimshika mwili mzima, akabaki amekaa pale mpaka mfagiaji alipomwomba anyanyue miguu.

* * *

Haukupita mwezi, Wizara ikapata taarifa za kutia wasiwasi. Watoto wa mwaka wa pili, baada ya kunyang'anywa neno lao, walisikika wakiitana kwa neno jingine jipya. Ni neno gani, hakuna aliyeweza kusema. Likikaribiwa na mtu mzima linanyamaza. Waziri Lihundi, Kiporo Daraja la Kwanza, alimtuma mtu aliyemwamini kuliko wote.

"Wewe ndiwe mtaalamu, Kivugo. Nataka neno, asili yake, na mdomo wa kwanza."

Basi Kivugo akaenda Chuoni. Kwenye dirisha la jiko alimkuta Mkurugenzi wa Upashaji, mwenye tai, akigawa fomu za maombi ya maharage. Nyuma ya fomu foleni ilikuwa ndefu na haisogei. Akamwendea binti aliyekuwa wa mwisho, mwenye sahani kwapani na daftari mkononi.

"Habari za masomo, mwanangu?"

"Nzuri, shikamoo."

"Marahaba. Wewe uko mwaka wa pili?"

Binti alimtazama. Alimtazama viatu, akaipanda suti, akafika usoni na kutua hapo, na Kivugo akaona kwamba ametambuliwa.

"Sijui," akasema yule binti.

"Usiogope. Nauliza tu, siku hizi mnaitanaje?"

"Sijui, mzee."

Alisema kwa adabu kamili, bila kucheka. Kivugo akamgeukia aliyekuwa mbele yake, naye akajibu vilevile. Akaenda kwa wa tatu, kwa wa nne, akaipanda foleni yote mpaka dirishani, na kila alipofungua mdomo alipewa neno lile lile, kwa upole, mkononi, kama mtu anayerudishiwa kitu alichokiangusha.

Alisimama pale na karatasi yake ya Wizara, iliyokuwa na nafasi tatu tupu: neno, asili, mdomo wa kwanza. Kwa mara ya pili tangu aajiriwe, hakuwa na haja ya kumwuliza mtu: mdomo wa kwanza ulikuwa wake.